Jani peke yake halitoshi kuutambua mkoko

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua. Shule na vikundi vya vijana huku pwani vinahimizwa kuingia mikokoni na simu, kupiga picha miti na kuiachia programu kama iNaturalist itaje majina. Jambo hilo tunaliunga mkono. Ila picha nyingi zinazopandishwa hazina msaada, na simu haina kosa.

Kosa kubwa ni kupiga jani tu. Majani ya mkoko wenyewe na ya ndugu zake wa mikokoni, muia na mkandaa, yote ni mazito na yanang'aa. Jua likiyapiga, programu inabahatisha. Mti mmoja unataka picha nne au tano ndani ya rekodi ileile: mizizi, gome, jani pande zote mbili, ua au tunda, kisha mti mzima. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, maana mizizi ndiyo inayotoa siri. Mkoko (Rhizophora mucronata) husimama juu ya mizizi ya matao. Mchu hutoa vijiti vyembamba kama penseli kutoka topeni, mlilana hutoa vigingi vinene vilivyochongoka, na muia mizizi yake hupinda kama magoti. Geuza jani la mchu: mgongo wake ni wa rangi ya majivu. La mkoko lina vidoadoa vyeusi kwa chini na kijimwiba nchani. Wanaosumbua ni muia na mkandaa, kwa sababu wote wana magoti. Hapo hesabu vidole vya kikombe cha ua, yaani ncha za kile kikombe kinachoshika ua kwa chini: mkandaa una 5, muia una 10 hadi 14, na mara nyingi ni vyekundu. Picha ya karibu ya kikombe hicho inamaliza ubishi wote.

La pili ni WhatsApp. Wanafunzi wanamtumia mwalimu picha kwenye kundi, naye anazipandisha jioni. Picha ikipita huko kama picha ya kawaida hupoteza tarehe na mahali ilipopigwa, na mti wa ufukweni unaweza kuishia kwenye ramani ukiwa uwanja wa shule. Ziandikisheni hukohuko porini, au zitumwe kama faili. Kabla ya kupiga, washa huduma ya mahali (location) kwenye kamera na usubiri kidogo, kwani chini ya matawi mazito simu inaweza kukosea kwa makumi ya mita. GPS haihitaji bando. Kupandisha kunaweza kungoja hadi mpate mtandao.

Miche iliyopandwa na mradi iwekewe alama kwamba imepandwa. Asiyefanya hivyo anamdanganya mtafiti kuwa msitu umejirudi wenyewe.

Halafu kuna hili la kuamini jina la kwanza linalotokea. Programu imefundishwa kwa picha zilizokwishatumwa na watu. Kiumbe chenye picha chache hakimo katika mafunzo yake, kwa hiyo haiwezi kukitaja. Itataja ndugu yake, pengine wa bara jingine. Ukiwa na shaka, ishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu. Rekodi hupanda hadi "daraja la utafiti", yaani huhesabiwa kuwa inafaa kwa utafiti, pale watambuzi wawili au zaidi wanapokubaliana kuhusu spishi, kwa zaidi ya theluthi mbili ya maoni, na kutoka hapo nyingi huingia GBIF, hazina ya data inayotumiwa na wanasayansi duniani kote. Wanafunzi wawili wakibonyeza "nakubali" kwa urafiki tu, kosa limeshasafiri.

Majina ya Kiswahili nayo yaongezwe, pamoja na mahali yanapotumika, kwani jina la mti hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji.

Mwisho tunalo ombi kwako, Mhariri. Wasomaji wako wa milimani hutuma picha za vinyonga wa Usambara, ambao hukamatwa kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufuga. Programu huficha yenyewe mahali walipo viumbe wengi walio hatarini, ikiweka nukta popote ndani ya kisanduku cha kama kilomita 22 kila upande. Kwa wengine mtumaji lazima achague mwenyewe kuficha. Gazeti linapochapa picha kama hizo, litaje wilaya tu, na jina la njia au la shamba liachwe.

Wapenzi wa mikoko,
Tanga