Huna siku kumi? Tembea Congo Nile Trail kwa vipande

Wateja wanaotuandikia kutoka Nairobi, Dar es Salaam na hata hapa Kigali huuliza jambo moja: "Nina likizo ya wiki moja, nitaimaliza Congo Nile Trail?" Kwa miguu, hapana. Njia ina kilomita 227, kutoka Rubavu, kaskazini mwa Ziwa Kivu, hadi Rusizi kusini, na mwendo wa kawaida ni siku kumi. Weka siku ya kuja na ya kurudi, kisha uone bosi wako atasemaje.

Kinachotusikitisha ni kwamba wengi wakishapata jibu hilo huahirisha safari nzima hadi "nikipata nafasi", na nafasi yenyewe haiji. Ndiyo maana tunapanga safari kwa vipande: unatembea siku tatu, nne au tano, unarudi kazini, kisha mwaka huo au unaofuata unaanzia pale pale ulipoishia. Wapo wanaodhani huko ni kushindwa kistaarabu. Si kweli. Kule Marekani, Appalachian Trail inatoka Georgia hadi Maine, majimbo 14, zaidi ya kilomita 3,500. Chama kinachoitunza, Appalachian Trail Conservancy, kinawatambua kwa hadhi ileile aliyeimaliza kwa msimu mmoja na aliyeimaliza kidogo kidogo kwa miaka ishirini. Kinachoangaliwa ni kama njia yote umeikanyaga. Sisi nasi tunafuata kipimo hicho.

Swali la maana, basi, ni ukate wapi. Mahali pazuri kuliko pote ni Karongi, ambako wengi bado wanapaita Kibuye. Pako karibu na katikati ya njia, kuna benki, hospitali, vyumba vya bei zote, na basi la kwenda Kigali kupitia Muhanga. Zamani ukitaka kutoka katikati ya njia ulikuwa na kazi, lakini barabara ya lami ya kando ya ziwa imemaliza tatizo hilo. Ubaya wake ni kwamba kuna sehemu njia ya zamani imeingiliana na lami hiyo, na asiye na mwenyeji anaweza kujikuta anatembea pembeni ya malori huku kijia kizuri kikipita mita mia chini yake.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, tunapendekeza kipande cha Rubavu hadi Karongi. Unaanza na Nyamyumba, penye chemchemi za maji moto na kiwanda cha bia, kisha unapanda na kushuka vilima vya Rutsiro, ziwa likiwa kuliani kwako karibu muda wote. Siku nyingi ni kilomita 15 hadi 25, na usiwe na haraka ya kuuliza zimebaki ngapi, maana kilomita za Rwanda zinasimama wima. Kinunu, kijiji cha kahawa kando ya ziwa, tunalala makusudi. Wakati wa mavuno ya kahawa, kati ya Machi na Juni hivi, akina mama wanakaa kwenye meza ndefu za kuanikia wakichambua buni kwa mkono. Punje iliyotobolewa na mdudu inatupwa kando hata kabla jicho lako halijaiona. Simama hapo hata nusu saa. Jioni teremka ufukweni uwaone wavuvi wakitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zikiwaka, wakiimba ili makasia yaende sawa. Wanafuata sambaza. Msomaji wa Kigoma atawatambua samaki hao mara moja: ni dagaa wa Tanganyika, waliopandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakikaangwa na kukamuliwa ndimu, huhitaji kingine.

Kusini ya Karongi ni safari ya namna nyingine, nasi tunaigawa mara mbili. Kipande cha kwanza kinakufikisha Mugonero na eneo la vilima vya Bisesero, ambako mwaka 1994 Watutsi walijihami kwa mawe na fimbo dhidi ya waliokuja kuwaua. Ukumbusho wa Bisesero uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Tunauwekea nusu siku nzima na hatupangi mwendo mrefu baada yake. Tukiona mteja anataka kuupita mbiombio ili awahi kituo cha mbele, tunamshauri abadilishe tarehe. Kipande cha mwisho kinapita Kibogora na Shangi hadi Kamembe, mji wa Rusizi, karibu na mahali Mto Ruzizi unapotoka ziwani kwenda Tanganyika.

Ncha zote mbili za njia ziko mpakani, Rubavu na Goma, Rusizi na Bukavu. Kwa hali ya vita ilivyokuwa upande wa Congo tangu mwanzoni mwa 2025, wapo waliochagua kuanza na vipande vya katikati na kuziacha ncha kwa baadaye. Aliyejifunga kutembea mfululizo hana uhuru huo.

Hasara zipo pia. Anayetembea siku kumi mfululizo, mwili wake huzoea kufikia siku ya nne au ya tano: mabega yanalikubali begi, malengelenge yanakauka. Wewe wa vipande utaianza siku ya kwanza upya kila unaporudi, na maumivu yake yote. Kwa hiyo kila kipande tunakianza na siku fupi, na tunakuomba utembee na viatu vyako nyumbani wiki kadhaa kabla. Nauli nayo unailipa kila mara. Ukijumlisha vipande vitatu, gharama inazidi ya safari moja, na ni haki uambiwe hivyo kabla hujalipa.

Mwisho wa kila kipande, mwongozaji anarekodi mahali kamili ulipoishia na kupiga picha. Tunahifadhi kumbukumbu hiyo. Ukirudi baada ya miaka miwili, tunakupeleka kwenye kona ileile, hata kama inabidi kupanda pikipiki kutoka lami. Tumelisisitiza hili kwa sababu mapengo ya kilomita moja moja ndiyo yanayomsumbua mtu akishamaliza.

Kuhusu msimu, Juni hadi Agosti ni kukavu, na Januari na Februari hupata nafuu. Aprili udongo mwekundu unateleza vibaya, na hatupeleki wanaoanza. Epuka pia kusafiri asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: ni umuganda, kazi za pamoja za jamii, maduka yamefungwa na magari ni machache hadi karibu saa tano. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, ni marufuku hapa tangu 2008. Mkenya au Mganda anaweza kuvuka na kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti.

Anayetaka Juni, mwezi ambao mvua imekatika na kahawa bado iko mezani, atuandikie mapema, kwa kuwa vyumba vya Kinunu ni vichache na huisha upesi. Tuambie una siku ngapi na magoti yako yakoje, nasi tutakuletea mpango wa kipande kinachokufaa.