Barua ya wazi kwa Afisa Kazi Mfawidhi wa Mkoa wa Kigoma

Ndugu Afisa Kazi,

YAH: OMBI LA UKAGUZI KUHUSU UNYANYASAJI KAZINI

Kwa heshima, naomba uipokee barua hii kutoka kwa mwanamke aliyefanya kazi miaka minne katika ghala moja la dagaa mkoani hapa, ambako msimamizi aliyekuwa akiwashikashika wanawake na kuwaahidi zamu nzuri wakimkubalia ndiye huyohuyo aliyepokea malalamiko, na ndiye aliyesoma majina ya vibarua getini kila alfajiri. Aliyelalamika hakuambiwa kwamba amefukuzwa. Kesho yake jina lake halikusomwa, basi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi, na inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Miaka yote minne sikuuona mpango huo wala kuusikia ukitajwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inamruhusu afisa kazi kuingia mahali pa kazi bila taarifa, kukagua nyaraka na kuwahoji wafanyakazi. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Linaloniumiza zaidi ni suala la muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mwenzangu mmoja alikaa miezi mitano akiogopa kumwambia hata mumewe, na alipojikaza kusema, wenzake wakamjibu kwamba amechelewa. Hakuna aliyemweleza kwamba mwenye sababu za msingi anaweza kuiomba Tume imruhusu kufungua shauri nje ya muda, wala kwamba kudai ngono ili kumpa mtu kazi ni kosa la rushwa linaloshughulikiwa na TAKUKURU.

Nakuomba ufanye ukaguzi wa kushtukiza katika maghala na mialo, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, na usiishie kuzungumza na mwenye ofisi. Waite vibarua pembeni, wanawake peke yao, ikiwezekana mbele ya afisa mwanamke. Mdai kila mwajiri mpango wake uliosajiliwa, na asiye nao apewe tarehe ya kuuwasilisha. Mpango huo umtaje mpokea malalamiko ambaye hana sauti yoyote juu ya majina yanayosomwa getini.

Wako mtiifu,
Mfanyakazi wa zamani wa ghala,
Kigoma