Sifa za Yunchan Lim zisiishie kwenye kasi ya vidole

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu sifa ambazo wasikilizaji wanaendelea kummiminia Yunchan Lim, kijana wa Korea Kusini aliyeshinda mashindano ya piano ya Van Cliburn huko Fort Worth, Marekani, mwezi Juni 2022. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 18, na hakuna mshindi mdogo kuliko yeye tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1962. Video ya fainali, ambamo alipiga utungo wa tatu wa mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff wa piano na okestra, imetazamwa na mamilioni ya watu, na hapa Dodoma wanakwaya tunaofahamiana tumekuwa tukitumiana kwenye simu.

Sifa hizo ni haki yake. Kinachonisikitisha mimi, mwalimu wa kwaya, ni kwamba nyingi zinahusu kasi ya vidole tu. Kasi ipo kweli, kwani utungo huo wa mwaka 1909 unahesabiwa kuwa miongoni mwa migumu kabisa kwa mpiga piano, lakini sikilizeni unavyoanza: mikono yote miwili inapiga wimbo mmoja ule ule, oktava moja (yaani noti nane) ikiitenganisha, bila pambo lolote, na Lim anaupiga kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kumwonyesha yeyote uwezo wake. Baadaye, katika sehemu hiyo hiyo ya kwanza, piano inaachwa peke yake kwa muda mrefu hadi sauti inafika kileleni, kisha ala za kupuliza za okestra, yaani filimbi, obo, klarineti na honi, zinaingia kwa zamu kuimba, na piano inashuka chini kuzisindikiza. Kila mwalimu wa kwaya anajua ilivyo kazi kumfundisha mwimbaji mwenye sauti kubwa kuwapisha wenzake. Kijana huyu aliwapisha, tena katika fainali, mbele ya majaji.

Wapo wanaosema muziki wa aina hii si wetu na kwamba tunaousifu tunajifanya. Siafikiani nao. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, alipiga zeze na ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) huko Ulaya mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kigogo, nao wakamsikiliza na kumpenda. Huko Fort Worth pia, zaidi ya medali ya dhahabu ya majaji, Lim alipewa tuzo ya wasikilizaji, iliyotokana na kura za watu wa kawaida wenye masikio yao tu.

Wengine humaliza habari yote kwa kusema ni kipaji cha kuzaliwa. Kipaji anacho, lakini alianza kujifunza piano akiwa na miaka 7 na akapata walimu waliomsimamia mwaka hadi mwaka, jambo ambalo vijana wengi wapigao vinanda makanisani kwetu hawajalipata.

Ombi langu kwa wanaosambaza kipande cha dakika mbili za mwisho, zile za makofi na vifijo, ni kwamba watume utungo mzima. Ni dakika zipatazo 40 tu. Nawe Mhariri, ukurasa wenu wa burudani ungetusaidia sana kama ungetenga nafasi ya kueleza tungo za namna hii, sehemu kwa sehemu, kwa Kiswahili.

Mwalimu wa kwaya,
Dodoma