Huduma mbovu ya baa huanzia kaunta

Mhariri,

Malalamiko ya wateja wa baa za Dar es Salaam yanafanana, iwe Sinza, Tabata au Temeke: bia imekuja vuguvugu, bili imezidi, chenji haijarudi, muziki hauruhusu watu kuongea, mhudumu kanuna. Lawama karibu zote humwangukia huyo mhudumu kwa kuwa ndiye anayeonekana. Naomba nafasi katika safu yako niseme kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo huwa yameshapangwa kaunta kabla mteja hajavuta kiti, na mwenye uwezo wa kuyaondoa ni mwenye baa pamoja na meneja wake.

Nianze na bili, maana ndiko ugomvi ulikojaa. Katika baa nyingi mhudumu huchukua bia kwa jina lake. Mtu wa kaunta anaandika kwenye daftari jina la mhudumu, aina ya bia na idadi, na wakati wa kufunga hesabu anayedaiwa ni mhudumu, hata kama mteja hajalipa. Mteja akitokomea, chupa ikivunjika, au meza mbili zikiunganishwa na bili moja ikapotea katikati, fedha inakatwa kwake. Mtu anayefanya kazi hivyo hawezi kuhudumia kwa utulivu, kwa sababu muda wote analinda deni. Ndiyo maana anadai alipwe kabla ya kufungua chupa ya pili, anaganda kwenye meza ya watu sita huku meza ya jirani ikimpungia mkono, na hataki mwenzake amsaidie kupeleka bia asije akaandikiwa isiyo yake. Wapo pia wanaofidia hasara ya meza moja kwa kuongeza chupa kwenye bili ya meza nyingine. Huo ni wizi na siutetei, lakini mpango wenyewe unauzaa kila usiku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu makato ya kienyeji namna hiyo. Kifungu cha 28 kinataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Mteja aliyeondoka kimyakimya wakati mhudumu yuko jikoni akisubiri mishikaki si kosa la mhudumu.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Kila meza ipewe namba iliyoandikwa mahali panapoonekana. Mhudumu awe na kitabu cha oda chenye karatasi ya kaboni: nakala ya juu inakwenda kaunta, ya pili inabaki mezani kwenye glasi au klipu. Kila mzunguko uandikwe papo hapo pamoja na saa, na mtu wa kaunta asitoe chupa bila karatasi, hata kwa mhudumu anayemwamini. Deni liwe la meza namba 7, lisiwe la jina la mtu. Hapo mhudumu yeyote aliye karibu anaweza kupeleka bia na mteja hasubiri.

Desturi ya kuacha chupa tupu mezani ili zihesabiwe mwishoni ni nzuri, ila ina mianya. Haihesabu toti za pombe kali, haihesabu makopo yaliyookotwa, na wageni wakihama meza chupa zao hubaki zikiwasubiri wengine. Ichukuliwe kama ushahidi wa pili tu, nyuma ya karatasi. Kwa toti hesabu ni rahisi: chupa ya mililita 750 inatoa toti 25 za mililita 30. Meneja akikuta imetoa toti 29, kuna mteja aliyepunjwa. Kipimo kitumike mbele ya macho ya mteja, na chupa ya bia ifunguliwe mezani kwake, isiletwe ikiwa wazi.

Saa mbaya kuliko zote ni ya kubadilishana zamu. Anayeondoka anataka kufunga hesabu, anayeingia hajui kilichonywewa, na mteja anaulizwa upya. Kabla ya zamu kubadilika wahudumu wote wawili waende mezani pamoja, wasome karatasi mbele ya mteja, kisha bili ilipwe au isainiwe. Ni kazi ya dakika mbili kwa meza.

Chenji nayo hupangwa mapema. Droo ikifunguliwa na noti za elfu kumi tupu, mhudumu atazunguka kuomba noti ndogo kwenye meza nyingine, na mteja ataona anazungushwa makusudi. Ziwekwe noti za elfu moja na elfu mbili pamoja na sarafu za 500, 200 na 100 kabla ya mteja wa kwanza. Kwa wanaolipa kwa simu, Lipa Namba ya baa ibandikwe mezani, na mteja asome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi, asimamishe malipo na aite meneja. Risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, idaiwe kila mara.

Bia ya vuguvugu, mhudumu hana anachoweza kuifanya. Chupa ya nusu lita ikitoka stoo ina nyuzi 28 au 30, na bia ya kawaida ya lager hunyweka vizuri ikiwa kati ya nyuzi 4 na 6. Friji ya kioo imetengenezwa zaidi kutunza ubaridi kuliko kupooza haraka mzigo wa moto. Ukiijaza yote saa kumi jioni, saa mbili usiku bado unauza vuguvugu. Ijazwe usiku baada ya kufunga, chupa mpya ziwekwe nyuma na za jana mbele, na pabaki nafasi ya hewa kupita, hasa karibu na feni. Vumbi la nyuma ya friji lipigwe brashi kila mwezi, maana likiziba, mashine inanguruma usiku kucha bila kupooza. Umeme ukikatika, milango isifunguliwe ovyo. Pale inapobidi kupooza haraka, tumia beseni la barafu, maji na chumvi viganja viwili vitatu. Maji ni ya lazima kwa sababu yanagusa chupa pande zote, wakati barafu peke yake inaigusa sehemu chache tu. Ndani ya nusu saa bia inanyweka. Na chupa za kijani au nyeupe zisikae juani, kwani mwanga hubadilisha vitu vinavyotokana na hops, maua yanayoipa bia uchungu, na bia ikaanza kunuka.

Nyama choma ipimwe mbichi, mteja akiona mizani, na aambiwe wazi kwamba ikiiva itapungua karibu robo hadi theluthi ya uzito. Mbavu za mbuzi zinataka dakika 45 au zaidi. Mhudumu anayesema "dakika kumi tu" amefundishwa kusema hivyo na mtu.

Kuhusu muziki, kosa la kawaida ni spika mbili kubwa zilizoelekezwa kwenye meza za mbele, halafu sauti inaongezwa ili meza za nyuma zisikie. Spika nne ndogo zilizotawanywa na kuinamishwa kuelekea kwa wateja hutosha kwa sauti ya chini. Mazungumzo ya kawaida yana desibeli 60 hivi. Muziki ukifika 85 mhudumu hasikii oda, na bia isiyoagizwa ndiyo inayofika. Wageni wanaondoka, majirani nao wanakwenda kulalamika NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambalo lina kanuni za kelele za mwaka 2015 na limeshafungia baa kwa ajili hiyo. Siku ya mechi, DJ anyamaze mpaka filimbi ya mwisho.

Choo kiwe na maji, sabuni, taa na komeo zima upande wa wanawake, na mtu wa kukipitia kila nusu saa. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Wateja nao wana sehemu yao. Kumshika mhudumu kiuno hakumo kwenye bei ya bia. Meneja anayemwambia avumilie kwa kuwa "huyo ni mteja mzuri" ameruhusu unyanyasaji, na meza ya namna hiyo ihudumiwe na meneja mwenyewe au ifungiwe bili. Na mwenye shaka na hesabu achukue karatasi yake, aende kaunta kabla ya kulipa, aombe ilinganishwe na nakala mstari kwa mstari huku mhudumu akiwapo.

Msimamizi wa kaunta,
Sinza, Dar es Salaam