Barua ya wazi kwa vijana wanaobeba mifuko ya gofu

Wanangu,

Wengi wenu mnabeba mifuko ya wachezaji huku mkiwaza siku mtakayokuwa wachezaji wa kulipwa. Wazeni, si vibaya. Ila kabla hamjafika huko, mjueni Tom Morris wa St Andrews, Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1821. Yeye ni miongoni mwa walioifanya gofu kuwa kazi ya kumlisha mtu, na kazi yenyewe aliianzia kwenye manyoya.

Akiwa bado kijana mdogo aliwekwa chini ya fundi Allan Robertson, mchezaji hodari kuliko wote wa wakati ule, ajifunze kutengeneza mipira. Ngozi ya ng'ombe ililainishwa kwa maji ya shabu, ikakatwa vipande vitatu: viwili vya duara na ukanda mmoja wa katikati. Ilishonwa kwa uzi uliopakwa nta, kisha ikageuzwa nje ndani ili mishono ifichike, ikaachwa na tundu dogo tu. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, ya kujaa kofia ndefu ya kiungwana, yalipaswa kuingia yote kwenye tundu lile. Fundi aliyasindilia kwa chuma chenye kishikio cha mbao, akikisukuma kwa kifua mpaka pumzi imwishie. Tundu likazibwa, mpira ukagongwagongwa uwe mviringo, ukapakwa rangi nyeupe. Ukikauka, manyoya yanatanuka na ngozi inajikaza, ndiyo maana ulikuwa mgumu. Fundi mzuri alitoa mitatu au minne kwa siku. Mvua ikiulowesha, mishono inaoza. Ukipigwa vibaya kwa fimbo ya chuma, unapasuka, na pesa imekwenda.

Mwaka 1848 ukaja mpira wa gutapacha, utomvu wa mti wa Rasi ya Malay, kusini-mashariki mwa Asia. Unalainishwa kwa maji ya moto, unaviringishwa, basi. Ukivunjika, unauyeyusha na kuuunda upya. Bei yake ilikuwa ndogo sana. Robertson aliuchukia, akaona riziki yake inazama. Morris aliucheza, wakakosana, naye akafungua karakana yake. Si ubishi uliomshindisha, wanangu, bali macho ya kuona kazi inakoelekea. Robertson mwenyewe baadaye aliutengeneza mpira huohuo. Na angalieni jambo hili: ukiwa mpya na usio na mikwaruzo, mpira ule ulidondoka mapema, ulipokwisha kuchubuliwa na fimbo, uliruka vizuri. Mafundi wakaanza kuupiga alama kwa nyundo tangu mwanzo. Aliyegundua hilo alikuwa anaangalia mpira unavyoruka, hakuwa anahesabu pointi zake tu.

Mwaka 1851 Morris alihamia Prestwick, hukohuko Uskoti, kuwa mtunza uwanja, akapanga mashimo 12. Hapo ndipo mwaka 1860 yalipochezwa mashindano ya kwanza ya The Open, yale makubwa ya gofu ya Uingereza: wachezaji 8, mizunguko mitatu kwa siku moja. Willie Park alimaliza kwa mapigo 174, Morris 176, na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Baadaye Morris alishinda mara nne: 1861, 1862, 1864 na 1867. Zawadi yake ya mwaka 1864 ilikuwa pauni 6. St Andrews walipomwita arudi awatunzie uwanja, walimpa pauni 50 kwa mwaka. Linganisheni wenyewe. Bingwa wa nchi aliishi kwa toroli, koleo na karakana. Ushindi ulikuwa nyongeza.

Kwenye nyasi alisisitiza mchanga. Unamwagwa kidogo na kusambazwa hadi ncha za majani zionekane bado. Hivyo vijishimo vya ardhini vinajaa, maji yanapenya, na jani jipya linapita juu. Ukiumwaga kwa wingi, unafunika majani, yanakosa mwanga na kufa, na utayatafuta msimu mzima. Uwanja wa St Andrews aliufunga kila Jumapili upumzike.

Kwa hiyo, wanangu, msimwache mtunza uwanja peke yake. Asubuhi, kabla mifuko haijagawiwa, mwombeni awaonyeshe urefu anaokatia nyasi za kuzunguka shimo na sababu yake. Mwombeni fundi wa fimbo awaachie mbadilishe kishikio kimoja kilichochakaa. Anzeni na fimbo zilizokwisha kutupwa, ili mkikosea msimharibie mtu mali yake.