Dugnad si "kujitolea"

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu maisha ya Norwei ilifasiri neno dugnad kuwa "kujitolea". Mimi ni fundi mstaafu wa injini za mashua, na neno hilo nililisikia Mbegani, hapa Bagamoyo, enzi zile Wanorwei walipokuwa wakikisaidia chuo cha uvuvi cha hapo. Tafsiri yenu imenikera kidogo.

Siku hizi kijana akikwambia "najitolea", maana yake anakwenda ofisini kila asubuhi, halipwi, na nauli anamwomba shangazi yake. Dugnad siyo hiyo. Ni watu wa jengo moja au mtaa mmoja kutoka pamoja siku moja, hasa theluji ikishayeyuka, wakazoa majani makavu, wakapaka uzio rangi, halafu wakaketi kunywa kahawa. Asiyetokea hutazamwa kwa jicho la pembeni, na zipo jumuiya za nyumba zinazomtoza pesa. (Hapo tungeelewana nao vizuri sana hapa Dunda.)

Asili yake nilielezwa na mwalimu mmoja wa Kinorwei tukiwa tumeinamia injini, mikono imejaa grisi. Katika lugha yao ya kale lilikuwa dugnaðr, yaani msaada, na ndugu yake ni kitenzi wanachokitumia hadi leo, duge: kufaa. Akashika nati iliyolika, akasema "duger ikke", akaitupa. Haifai.

Basi neno hilo tunalo, tena limejengwa vilevile: kufaana. Wahenga waliposema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hawakusema "anayejitolea". Marehemu mama yangu, Msambaa wa Lushoto, angesema msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na angekuwa ameshaweka jembe begani kwenda kuzibua mfereji.

Mwaka 2004 watazamaji wa NRK, televisheni ya taifa ya Norwei, walilichagua dugnad kuwa neno la taifa lao. Mwaka 2020 wakubwa wa serikali wakalitumia tena, safari hii kuwataka watu wavumilie masharti ya korona. Mimi naona hapo walilivuta mno. Kufaana ni kushika kazi pamoja, si kuvumilia masharti.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazibua mtaro wa mtaani kwetu. Majembe yapo, chai na mihogo ya nazi itakuwapo. Mwandishi wenu na aje, ila avae viatu vya kuchafuka.

Fundi mstaafu,
Dunda, Bagamoyo