Swali aliloniuliza Idi

San Antonio, Texas
12 Aprili 2026

Shoga yangu Mwanaasha,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo kila mvua ikitaka kunyesha linanikumbusha mabegi niliyobeba ujanani. Mama hajambo, anakusalimu, na anauliza kama bado unapika wali kwa nazi ya kopo. Nimemwambia Ohio haina minazi. Hakuridhika.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Dakika kumi na mbili, mwanamke! Mara ya kwanza nilikuwa barabarani, nikaambulia "West Point" na vigelegele basi. Hongera sana, wewe na Baba Idi. Mtoto mliyemleta na miaka mitano, hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza, leo mbunge wenu amempendekeza na chuo hicho cha maofisa wa jeshi kimemkubali. Mbunge mmoja hawezi kuwa na wanafunzi zaidi ya watano pale West Point kwa wakati mmoja. Ukisikia mtu anasema "kabahatika", mwambie hesabu hiyo.

Sasa unaniuliza: aende West Point, au achukue ufadhili wa ROTC, yale mafunzo ya uofisa wa jeshi ndani ya chuo cha kawaida, na asome hapo hapo Ohio State? Na mumeo ana lake, amalize kwanza shahada kwa raha zake ndipo aingie jeshini. Unasema kwetu hapakuwa na maswali haya: kaka yake Mwanahamisi alimaliza kidato cha sita, akapiga JKT, akaenda Monduli, akarudi Tanga na nyota begani. Ni kweli, lakini hata Monduli watu hawakuingia wote kwa njia moja. Kikwete alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, kisha ndiyo akapitia Monduli. Wazo la Baba Idi ni hilo hilo. Huku wanaliita OCS: una shahada yako mkononi, unakaa wiki 12 Fort Benning, Georgia, unatoka luteni usu. (Kambi hiyo mwaka 2023 waliibadilisha jina ikawa Fort Moore, mwaka 2025 wakairudishia la Benning, ila wakasema safari hii ni Benning mwingine. Mimi nimeacha kufuatilia.)

Nianze na linalokunyima usingizi bure, hofu yako kwamba akiikataa West Point atakuwa ofisa wa daraja la chini maisha yake yote. Mwaka 2006 nilipopata kamisheni ya uofisa nilipelekwa Fort Lee, Virginia, kusomea ugavi. Meza yetu tulikuwa watatu. Mmoja katoka West Point, viatu vyake unaweza kujipaka wanja ukijitazama humo. Mwingine katoka OCS, mtu mzima wa miaka 31, keshakuwa sajini, ana mke na watoto wawili. Katikati mimi, wa ROTC. Wote cheo kimoja, mshahara mmoja. Wa West Point alikuwa hodari wa kuandika amri za operesheni, mimi nilikuwa hodari wa kuongea na watu. Yule sajini ndiye tuliyemgongea mlango sote wawili usiku wa kuamkia mtihani.

Mwaka uliofuata nikawa Balad, Iraki, na platuni yangu. Hakuna askari hata mmoja aliyeniuliza nimesoma wapi. Waliuliza maji yamefika au hayajafika.

Na huko juu kabisa ni vivyo hivyo. Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, ni wa West Point, 1975. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alisoma chuo cha jiji la New York akiwa ROTC, akaja kuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote. Aliyeshika kiti baada yake ni Shalikashvili, mzaliwa wa Warsaw, aliyekuja Marekani ana miaka 16. Yeye ni wa OCS. Kwa hiyo hilo la daraja lifunge kwenye khanga, tusonge mbele.

Pesa. West Point hamlipi karo, na kila mwezi mwanafunzi anapewa posho ya asilimia 35 ya mshahara wa luteni usu, ingawa mwanzoni inaliwa na makato ya sare na kompyuta. ROTC yenye ufadhili inalipa karo, au badala yake chakula na malazi, pamoja na dola 420 kwa mwezi na fedha za vitabu. Hapo angalieni vizuri. Kama misaada mingine itamlipia karo, kuchagua karo ni kumwaga maji baharini. Mwende ofisi ya fedha ya chuo kabla hajatia sahihi popote, na nendeni na karatasi zote, si nusu.

Haya ndiyo uliyoniuliza wewe. Kuna aliyeniuliza Idi.

Usishtuke. Aliniandikia wiki mbili zilizopita, usiku, na nimemwomba ruhusa ndipo nakuambia. Aliandika hivi tu: "Mama mdogo, ukifika ukaona si kwako, inakuwaje?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Wewe na mumeo mmeuliza wapi ni bora. Mtoto anauliza mlango wa kutokea uko wapi. Sikuliona kuwa swali la mwoga. Kati ya yote niliyosikia kutoka nyumbani kwenu mwezi huu, lake ndilo la mtu anayejua kwamba atakayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri ni yeye.

Nikamjibu kama ilivyo. West Point, ukiondoka ndani ya miaka miwili ya mwanzo, hudaiwi kitu. Unaporudi kuanza mwaka wa tatu ndipo unapojifunga. Kuanzia hapo ukitoka utadaiwa utumishi au fedha. Ukihitimu unatumikia miaka mitano kamili, kisha mitatu ya akiba. ROTC yenye ufadhili, nafasi ya kugeuka ni mwaka wa kwanza tu. Ile siku ya kwanza ya mwaka wa pili umefungika, na ukihitimu ukaingia jeshi la kudumu, ni miaka minne na mingine minne ya akiba. ROTC bila ufadhili unaweza kuhudhuria mwaka wa kwanza na wa pili kama mwanafunzi mwingine yeyote, na mkataba unausubiri mwaka wa tatu.

Umeona? Chuo kinachotisha zaidi kinakupa muda mrefu wa kufikiri kuliko ufadhili wa ROTC. Hata mimi nilipolijua hili mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

Ila kutoka nako kuna namna zake. Akiiacha West Point anaondoka na sanduku lake: marafiki, kitanda, walimu, vyote vinabaki kule mtoni Hudson, yeye aanze kutafuta chuo kingine. Akiiacha ROTC anarudisha kombati stoo, na asubuhi yake yuko darasa lile lile la uhandisi na wenzake wale wale. Hakuna hata atakayejua, isipokuwa wale wa mchakamchaka.

Nikueleze yangu, maana hukuwahi kunisikia nikiyasema sawasawa. Mimi sikuchagua ROTC. Mwaka 2002 nilipoanza chuo sikuwa raia, nilikuwa na kadi ya ukaazi tu, na asiye raia hapewi mkataba. West Point ndiyo kabisa, hata jina lake sikulijua. Niliona wanafunzi wanakimbia asubuhi huku wanaimba, nikakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi, nikauliza naweza kukimbia nanyi? Wakasema karibu. Miaka miwili nilikimbia bure. Saa tano usiku natoka kuosha vyombo kwenye bwalo la chuo, alfajiri niko uwanjani, wenzangu wanalipwa, mimi silipwi. Mwaka wa pili, Februari, nilikaa kitandani nimeshika soksi moja nikajiambia leo siendi. Hakuna ambaye angenifuata. Nilikaa hivyo kama robo saa, nikavaa soksi ya pili nikaenda.

Nimefikiria sana robo saa ile. Kama ningekuwa nimefungwa na karatasi ningekwenda pia, lakini ningekwenda na chuki, na chuki ile ningewashushia askari wangu baadaye. Oktoba 2004 nikaapa uraia, mwezi huo huo nikatia sahihi mkataba, na mkono haukutetemeka. Kiangazi kilichofuata nikapelekwa Fort Lewis, jimbo la Washington, kwenye kambi ya kupimwa. Siku hizi wanakwenda Fort Knox, Kentucky. Kule Fort Lewis kuna mlima Rainier umejifunika theluji, na ukungu ukiondoka asubuhi ungeapa uko Moshi. Nilipotea na dira mkononi mchana kweupe nikiutazama.

Kwa hiyo nikiwa na mtoto aliyeniuliza lile swali, ningempeleka Ohio State. Achukue ufadhili, maana mwaka wa kwanza haumfungi, na ikifika Mei ya mwakani mketi naye tena, mwulize upya, kwa upole, kabla hajaanza mwaka wa pili. Najua nina upendeleo, nimekuzwa na ROTC. Lakini Idi anaupenda uhandisi kuliko gwanda, na hili unalijua wewe kuliko mimi. Ni yeye aliyeifungua mashine yako ya kufulia kwa sababu tu ilikuwa inapiga kelele. Na akija kujuta, anaweza kuomba West Point tena akiwa ndani ya ROTC yenyewe, mradi hajatimiza miaka 23. Hakuna wa kumhakikishia, ila mlango upo.

Angekuwa mwingine ningesema tofauti. Mwanahamisi yule, kwa mfano, aliyekuwa akipanga foleni ya maji kwa urefu wa watu: huyo ningempakia basi la West Point mimi mwenyewe. Kuna watu wanachanua wakiwekewa ratiba ya kila dakika, na wenzao wa pale wanakuwa ndugu wa kufa na kuzikana. Nimeona. Na kwa mama kuna faida yake: hawaruhusiwi kuoa mpaka wahitimu. Lakini ile kambi ya kiangazi cha kwanza, wiki sita na ushei, sauti yake utaisikia kwa nadra. Sikutishi.

Kuhusu pumu ya Idi uliyoitaja: usiifiche na usimwambie aifiche. Wanachouliza ni kama aliwahi kuwa nayo au kutumia dawa zake baada ya kutimiza miaka 13. Kama ndiyo, si mwisho, unaombwa msamaha rasmi na wengi wanaupata. Kinachomtoa mtu jeshini ni kugundulika baadaye alidanganya.

West Point wanataka jibu kabla ya tarehe 1 Mei. Baba Idi asiandike barua ya kukubali kwa niaba ya mtu, tafadhali. Mimi nimeshakata tiketi, Jumamosi ya tarehe 25 niko Columbus. Jumapili nampeleka Idi Wilberforce, kama saa moja hivi kutoka kwenu. Iko nyumba ya Charles Young, Mwafrika-Mmarekani wa tatu kuhitimu West Point, mwaka 1889. Alisoma pale miaka mitano, wengi wa wenzake hawamsemeshi, kisha akaja kufundisha sayansi ya kijeshi kwenye chuo cha Wilberforce, yaani kazi ile ile ya ROTC kabla haijapewa jina hilo. Mwaka 1917 walimwambia afya yake haimruhusu kwenda vitani, na mwaka 1918 alipanda farasi kutoka hapo Ohio hadi Washington kuwaonyesha. Hata tukiitazama nyumba kwa nje inatosha, na njia ndefu ndiyo ninayoitaka. Mtoto wa kiume anaongea vizuri akiwa amekaa kiti cha mbele, hamtazamani usoni.

Wewe usije. Baki upike. Mama amenunua nazi nne, anazifunga kwenye nguo zangu kama dhahabu. Mbuzi ya kukunia unayo, au uliiacha Tanga?

Wako,
Riziki